Mstari Mweusi wa Kiunoni

Dada Atieno mpendwa,

Natumai barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Sisi huku Sosiot hatujambo, ingawa ukungu haujaondoka juu ya chai na nguo hazikauki. Shemeji yako Ouma yuko zamu kiwandani, na mimba yangu inakua vizuri. Ukimsomea Mama, tafadhali ishia hapa. Yanayofuata ni yako peke yako.

Unakumbuka nilivyolalamikia aproni ya madini ya risasi tunayovaa katika chumba cha eksirei, jinsi uzito wake ulivyoniumiza mgongo. Wafadhili wa hospitali walituletea nyingine, nyepesi na laini, ya mpira uliochanganywa na unga wa metali nyingine. Nilifurahi. Kazi yake ni kuzuia miale isimfikie mvaaji, na kwa hali yangu, isimfikie mtoto.

Msaidizi wangu, Chebet, alichuma chai miaka mingi kabla ya kuja hospitalini. Wachumaji hukunja aproni zao za plastiki kiunoni na kuzikaza kwa kamba, zisinaswe na matawi. Basi kila asubuhi alinifunga hivyo hivyo.

"Simama sawa, daktari. Ukiiacha ikining'inia, chai itakushika."

"Chebet, hapa hakuna chai."

"Kona ya meza iko. Na wewe siku hizi huoni miguu yako."

Nilicheka, nikamwachia. Ile ya zamani isingekunjika namna hiyo, hii ilitii.

Aproni nazo hupigwa picha mara kwa mara ili kutafuta nyufa. Panapozuia miale, filamu hubaki nyeupe. Panapopitisha, huwa nyeusi. Nilipoiinua filamu ya aproni mpya kwenye taa, niliona mstari mweusi, mwembamba, ukikatiza kwenye mkunjo wa kiunoni, pale pale mtoto anapolala. Beji yangu ya kupimia miale ilirudi kutoka Nairobi na majibu mazuri. Lakini beji huvaliwa kwenye ukosi, Dada. Haiwezi kusema lolote juu ya tumbo.

Nimerudia aproni ya risasi. Ile nyepesi niliitundika ikiwa imenyooka, nikafunga mlango na kukaa na ufunguo. Asubuhi niliikuta imejikunja kiunoni, na asubuhi iliyofuata vilevile.

"Mimi sijaigusa," Chebet aliniambia, bila mzaha wake wa kawaida. "Imekuzoea."

Najua mpira hukumbuka mkunjo, hasa katika baridi hii, na mchana maelezo hayo hunitosha. Kisha niliipiga picha tena, nikaziweka filamu mbili pamoja. Mstari ulikuwa umerefuka, na ncha zake zimepinda kuelekea chini, kama mikono ya mtu aliyeshika tumbo lake. Huenda sikuilaza sawasawa mara ya pili. Nimeshindwa kuipiga ya tatu, na sijui kama hiyo ni busara au woga.

Mtoto hucheza siku nzima, ila nikisimama mbele ya aproni ile hutulia kabisa. Labda ni kwa kuwa mimi mwenyewe hapo huzuia pumzi.

Wiki hii msimamizi ameagiza aproni hiyo apewe muuguzi mpya, ambaye naye ana mimba changa. Nilimwonyesha msimamizi filamu, akasema ufa ni mwembamba mno kuleta madhara. Pengine yuko sahihi. Hata hivyo, jana nilichukua mkasi nikaikata aproni vipande viwili, nikifuata mstari. Chumba kilikuwa baridi, lakini kipande cha chini kilikuwa na joto. Nilijiambia ni joto la mikono yangu, nikamwita Chebet akishike. Alikishika, akakiweka chini taratibu, akaenda kunawa.

Nimeomba likizo mapema. Mwambie Mama ninakuja kwa sababu ya baridi, unitandikie upande wa jikoni. Tangu jana mtoto ametulia, na sijasimama mbele ya kitu chochote.

Nisalimie shemeji, mjomba Odhiambo katekista, na Nyanya, ambaye ningependa aniwekee mkono tumboni kabla sijamweleza lolote.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Adhiambo