Kuhusu Jina Lililokuwa Likirudi Kwenye Orodha

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA WATOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, ili mtoto asitambulike
Umri: miaka 34
Kazi: mtengenezaji wa programu za tovuti
Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya soko la nguo, ghorofa ya tatu
Uhusiano na mtoto: mjomba

Nimeonywa kwamba nikidanganya nitashtakiwa, na nimeelewa.

Ofisini kwetu tuko wawili tu, mimi na mwenzangu ambaye kila mtu anamwita Fundi, hata mama yake mzazi. Tumetengeneza mfumo unaotumiwa na shule ya watoto wadogo anakosoma mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka minne. Nyumbani tunamwita Kiherehere, na anayetaka kujua sababu akae naye nusu saa. Dada alimpeleka shule ile kwa sababu yangu. Nilimwambia pale mtoto hatoki na mtu asiyehusika.

Utaratibu wa pale uko hivi. Anayekuja kumchukua mtoto anaingia chumba cha getini. Mlinzi anaandika jina la mtoto kwenye skrini na kuingiza jina lililo kwenye kitambulisho cha aliyekuja. Kama aliyekuja yumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, skrini inakuwa ya kijani, mlango wa ndani unafunguka wenyewe, na mwalimu anamtoa mtoto. Kama hayumo, skrini ni nyekundu na mlango haufunguki. Mlinzi hana ufunguo.

Mnamo Jumatatu, tarehe 9 mwezi huu, mahakama iliamuru baba wa mtoto asimchukue binti yake wala kumkaribia bila ruhusa. Huyo baba nilikuwa namwita shemeji. Sasa namwita baba wa mtoto, tena kwa shida. Siku hiyo hiyo shule ilituletea nakala ya amri. Fundi ndiye aliyeishughulikia, kwa kuwa mimi ni ndugu. Alifuta jina la baba kwenye orodha, akaondoa na kwenye ukurasa wake kile kitufe ambacho mzazi hukibonyeza kwenye simu yake kuongeza mtu wa kumchukua mtoto. Akaniambia, "Tayari. Hata akifungua tovuti, haoni pa kubonyeza." Nililala usingizi mzuri usiku ule.

Mnamo Alhamisi, tarehe 12, saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilikuwa mezani kwangu dada aliponipigia simu kutoka kiwandani anakoshona. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Kaka, umegusa orodha ya mtoto?" Nikamwambia sijagusa kitu. Akasema amepata ujumbe kutoka kwenye mfumo kwamba kuna jina limeongezwa. Alikuwa ameshatoka nje kutafuta pikipiki. Nilisikia anavyohema.

Nilifungua kanzidata, yaani mahali kumbukumbu zote zinapotunzwa. Baba wa mtoto alikuwa kwenye orodha, ameruhusiwa. Nikalifuta jina lake. Nikavuta pumzi. Nilipoangalia tena, jina lilikuwa limerudi.

Afande ameniambia nieleze hapa kama namweleza mama yangu. Mama yangu angeshanizaba kofi kabla sijafika katikati, lakini nitajaribu. Mtu akibonyeza kitufe kwenye tovuti, simu yake haibadilishi kumbukumbu. Inatuma ombi kwenye seva, ile kompyuta yetu kubwa iliyoko mbali. Huko kuna kipande cha programu tunachokiita kitendakazi, nacho ndicho kinachoandika kwenye kanzidata. Ni kama mtumishi aliye ndani ya nyumba. Aliye nje anamwambia dirishani, "Andika jina hili kwa mtoto nambari fulani," naye anaandika. Anatakiwa kwanza achungulie amwone anayesema ni nani, na kama ana haki. Mtumishi wetu hakuwa anachungulia. Tuliondoa kitufe kwenye ukurasa tukadhani tumefunga mlango, kumbe tumeng'oa kengele tu, na dirisha liko wazi.

Nikauliza moyoni, kitufe amekipata wapi? Kumbukumbu za seva zikanijibu. Ombi lilitoka kwenye ukurasa wa wiki iliyopita. Alikuwa ameufungua kwenye simu yake kabla ya amri na hakuufunga tena, na kitufe bado kilikuwepo pale. Hakuiba neno la siri, hakuvunja kitu. Alibonyeza kitufe tulichomwachia mkononi.

Nilifuta jina mara ya pili, likarudi. Nikaifuta akaunti yake nzima, jina likarudi vile vile, kwa sababu kitendakazi hakikuwa kinauliza habari za akaunti. Hapo nilielewa kwamba hayuko nyumbani anacheza na simu. Amesimama getini. Skrini ikiwa nyekundu anabonyeza, kisha anamwomba mlinzi aangalie tena. Simu ya shule ilikuwa inatumika kila nilipopiga. Nilimpigia kelele Fundi apige polisi, naye alishaanza kuongea nao.

Fundi alipomaliza akaniambia, "Zima mfumo wote." Nikamwambia, "Tukizima, mlinzi atachukua karatasi ya dharura." Karatasi hiyo ilichapishwa mwanzo wa muhula, na jina la kwanza kwa Kiherehere ni la baba yake. Fundi akashika kichwa. Akaketi aanze kukirekebisha kitendakazi kiwe kinauliza, lakini sote tulijua marekebisho yakitumwa huchukua dakika kumi hivi kufika kwenye seva. Mimi nikaendelea kufuta. Nafuta, linarudi, nafuta, linarudi. Nilikuwa nawaza ni lini mlinzi atabonyeza katikati ya kufuta kwangu na kuandika kwake. Niliogopa, afande. Sijawahi kuogopa vile mbele ya kompyuta.

Ndipo nilipogundua kwamba kitendakazi hakimjui Kiherehere. Kinajua nambari yake tu, na ule ukurasa wa zamani umeshika nambari ile ile. Mlinzi yeye hutafuta kwa jina. Basi nikambadilishia mtoto nambari. Niliandika nyingine kabisa, nikabonyeza. Jina la baba lilipoandikwa tena, liliandikwa kwenye nambari isiyo na mtoto. Skrini ya getini ikabaki nyekundu. Nilimwambia Fundi, "Mwache abonyeze mpaka kidole kiote sugu."

Lakini kwa ile haraka nilimhamisha mtoto peke yake. Ruhusa zote za watu wake zilibaki kwenye nambari ya zamani, ya mama yake ikiwemo. Kwa mujibu wa mfumo, Kiherehere hakuwa na mtu duniani.

Dada alifika getini na kunipigia simu, ikawa kwenye spika. Nilimsikia mlinzi akisema, "Mama, nisamehe. Hata wewe humo kwenye orodha."

Dada akasema, "Simo vipi? Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Nakusikia, mama. Lakini mlango haunisikii mimi."

Nilimwambia dada ni mimi niliyefanya hivyo, na nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lake. Ni kazi ya sekunde chache. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Hapo nikasikia sauti nyingine, karibu sana na simu, ya upole kabisa.

"Shemeji, habari za huko? Mwandike dada yako bwana. Mtoto analia."

Nikatoa mikono mezani. Alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Mlango ukifunguka kwa jina la dada, mtoto angetoka kwenye chumba kile kile, na yule ana nguvu kuliko dada na mlinzi kwa pamoja. Alishajua hilo kabla yangu.

Dada akasema, "Kaka, niandike."

Nikamwambia, "Subiri."

"Nisubiri nini? Mtoto wangu yuko hapo nyuma ya mlango. Niandike!"

Na kweli mtoto alikuwa nyuma ya mlango, kwa sababu alisikia sauti ya mama yake akaanza kumwita. Aliita mama, kisha akaita baba, maana baba naye alikuwa anaongea. Dada alianza kulia. Alinitaja kwa jina langu, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya tangu tukiwa watoto, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Aliniambia kama nampenda nimwandike. Aliniambia hajui kaka gani anamnyima mtu mwanawe mbele ya watu. Ningefungua mdomo ningemwandika.

Fundi alinong'ona kwamba polisi wamesema wako njiani. Kila mtu akisema yuko njiani hakuna anayejua njia ipi. Nilikaa nimeikalia mikono yangu, afande, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni, nikimsikiliza dada yangu akinililia. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mniulize hata mara kumi, sijui.

Kisha nikasikia buti, na sauti ya mwanamke ikisema, "Wewe bwana, sogea huku nje. Nje kabisa." Baba wa mtoto akauliza kuna nini. Mlango wa barabarani ukafungwa. Yule askari akamwuliza dada ni nani aliye kwenye simu ile. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ni kaka yake. Ametoka?" Akajibu, "Ametoka, tuko naye." Hapo ndipo nilipoandika jina la dada kwenye nambari mpya. Nilikosea herufi mara mbili. Nilisikia mlango ukifunguka, na baada ya hapo simu ikakatwa.

Nilikuja kituoni moja kwa moja. Dada alikuwa kwenye benchi la nje na mtoto amelala begani kwake. Nilimsalimu, akageuza uso. Hasemi nami mpaka sasa ninapoandikisha haya. Nimeumia, sitaki kujifanya sijaumia. Lakini kama yale yangetokea tena kesho, nisingemwandika.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyatenda mwenyewe. Nimesomewa, ni sahihi, isipokuwa "nilimpigia kelele Fundi". Fundi anasema nilimtukana, na huenda ni kweli.

Saini ya shahidi: (imesainiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi mwenyewe na kumsomea shahidi. Simu ya mtuhumiwa imechukuliwa kama kielelezo, ukurasa uliotajwa ukiwa bado wazi. Ndani ya gari lake, lililokutwa likiunguruma mita chache kutoka getini, kumepatikana begi la nguo mpya za mtoto, nyingine za umri wa miaka sita na saba, pamoja na hati mbili za kusafiria, moja yake na moja ya mtoto.

Nilipomrudishia shahidi simu yake, niliyoichukua kunakili saa za maongezi, aliniuliza kama amrudishie mtoto nambari yake ya zamani ili kumbukumbu zikae sawa. Mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, alijibu kabla yangu: "Iache hiyo hiyo mpya, kaka."