Ngoma Zote za Kijani

Seti imekamilika, mdogo wangu! Ngoma ya mwisho imepatikana, na jana mwanetu alizifunga zote mwenyewe, kwa kupapasa, kila skrubu mahali pake. Nani mwingine katika ukoo wetu anaweza?

Hamjambo huko? Sisi tupo. Goti langu linalalamika kama mkwe asiyepewa chai.

Unajua alivyozisaka ngoma zile kuukuu miaka yote, zote ziwe za kijani kilekile kinachometameta, kijani cha kiwandani. Fundi mmoja alitaka kumpakia rangi ngoma moja nyekundu ifanane na nyingine. Mwanetu akamwambia, "Fundi, mzee akitia piko mvi zake hageuki kijana." Nilicheka mpaka nikakaa chini!

Basi hii ya mwisho nimeitafuta mimi. Ni ya bluu, mdogo wangu. Ya kijani haipo, nimezunguka kote. Aliponiuliza, "Mama, imefanana?" nikamjibu, "Kama mapacha." Akatabasamu. Swali hilo lilikuwa neno lake la kwanza wiki nzima. Macho yake yamezimika kabisa, lile la kushoto nalo, na daktari amesema tusitumaini.

Kwa hiyo mkija kumsikiliza, sifieni kijani. Mumeo mwonye mapema, maana mdomo wake hauna kufuli, na mwanangu hana kingine cha kushikilia.

Ni mimi dada yako, mama wa mpiga ngoma asiye na mpinzani. Tunawangoja nyote Jumamosi hii, saa nane mchana.