Nimewatafunia

Shoga, usinipigie simu, sauti haitoki. Nisome tu.

Niko zahanati na binti yangu. Nimemkuta nyuma ya mlango akilea watoto wa panya ndani ya boksi la viatu, wekundu, hata macho hawajafumbua. Nikamfokea, "Una wazimu wewe? Mimi nawatega, wewe unawalea?"

Akanijibu kwa upole, "Nimewalisha mkate, mama. Nimewatafunia, hawana meno."

Nimewatafunia! Umelisoma neno hilo, shoga?

Nikamuuliza ni mkate gani. Akasema, "Ule uliouweka chini ya kabati."

Ndio ule niliopaka sumu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nimembeba mgongoni mbio, na ukubwa wake wote ule. Muuguzi akauliza, "Sumu gani?" Nikamsomea pakiti niliyokuja nayo, bila kuunganisha silabi. Mtoto ananivuta kanga: "Mama, usilie mbele za watu. Nilitema. Nilimeza kidogo tu."

Kidogo tu!

Wamempa dawa. Anasema haumwi popote, lakini daktari haongezi neno zaidi ya "tusubiri".

Nakuomba jambo moja. Ufunguo wa nyumba nimeuacha kwa fundi cherehani. Wale panya wadogo wamekula mkate uleule, nao hawafiki hata kidole changu. Fungua boksi taratibu, kisha uniandikie kama wanapumua. Kama hawapumui, usiniandikie kitu. Njoo.