Valvu Imezungushwa kwa Mkono

Baba Kai, alfajiri ulimwona mama yako akizungusha valvu ya tangi la pamoja ajaze ndoo zake, ukageuza uso. Ndivyo ulivyogeuza mwaka ule mwenyekiti wa kamati ya maji alipowafungia maji watu wa safu ya nyumba za nyuma. Sijasahau.

Chai iko kwenye chupa. ~~Zima kompyuta ya maji.~~ Usiizime.

Nilishangaa kwa nini akina Selpher, wa safu ya nyuma, hawakupata hata tone. Kumbe mota ndogo inayozungusha valvu haioni imefika wapi. Kompyuta huiamuru hatua kwa hatua na kuzihesabu, kama mtu anayetembea gizani. Hatua za mkono wa Mama hazikuhesabiwa. Kompyuta ikadhani valvu bado iko upande wa akina Selpher, ikaendesha pampu saa nzima, maji yote yakaja kwetu. Ajabu, sivyo? Lakini kompyuta naisimamia mimi, na majirani watasema nimewafungia maji kama mwenyekiti yule.

Nimekwenda kuwaeleza kabla hawajaelezwa na wengine. Mama umwambie wewe, kwa adabu.

Saa nne ni zamu yao tena. Weka simu chini, rudisha valvu kwenye alama nyekundu ya mwanzo, kisha bonyeza sifuri kwenye kompyuta ianze kuhesabu upya. Nenda sasa hivi.

Mama Kai