Sahihi ya Jirani kwa Gati Letu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Seremala akija kupima gati, mwonyesheni nguzo mbili zilizooza, zile za upande wa jirani. Asikanyage mbao za mwisho, atatumbukia.

Nimewahi ofisini kupeleka fomu ya kibali cha gati jipya. Bila sahihi ya jirani hawaipokei, kwa hiyo asubuhi nilimpigia hodi. Akanihoji kama askari: "Mashua uliiuza mkeo alipofariki. Gati jipya la nani?"

Nikasema ni la wanangu, kila jioni tunakaa pale pamoja, miguu majini. Akageuka kutazama dirishani. Nilisahau kwamba dirisha lake linatazama gati letu, na kila jioni ananiona niko peke yangu. Akatia sahihi, akanishika bega.

Sasa nisitirini. Najua mna kazi, mna simu zenu, na hadithi zangu mmezichoka. Jioni moja tu mkae nami gatini, nisiwe mwongo.

~~Msinisubiri, kuleni.~~

Nisubirini.

Baba yenu