Mkono Ulionikataza Kuugusa

Baba Zaina,

Nimetoka eda juzi. Wanawake wenzangu walinikogesha, wakanivisha kanga mpya, na mamaako akanifukiza udi huku akilia. Nyumba yetu hapa Makorora ni ile ile, ila upande wako wa kitanda sasa analala Zaina. Huniuliza utarudi lini kutoka kwa ng'ombe.

Safari zako nilizizoea. Bwana mifugo huondoka na sanduku la darubini, mke hubaki akisubiri. Wakumbuka siku uliponionyesha damu ya mbuzi wetu kwenye darubini ile? Nilifumba jicho lile lile lililokuwa kwenye darubini, nikakwambia naona giza tupu. Ulicheka hata ukakaa chini.

Habari za Maramba, safari yako ya mwisho, nimezipata kwa wengine, maana wewe hukuwahi kunisimulia zote. Ng'ombe wa Mzee Kilua alianguka ghafla akafa, damu nyeusi ikimtoka puani, wala haigandi. Watu walikwisha noa visu. Ukachukua tone la damu sikioni, ukalipaka kwenye kioo, ukainamia darubini. Ulipoinuka ulisema neno moja: kimeta.

"Nyama hii itawaua," uliwaambia. "Afukiwe na ngozi yake."

"Wewe wa mjini hula nyama utakapo," alijibu Hoza, mpwawe Mzee Kilua, akaanza kuchuna. Ukamshika mkono. Katika kuvutana, kisu chenye damu kikakupasua kiganja.

Na hapa ndipo ninapokukasirikia. Ungerudi mjini siku ile ile, dawa ingekuwahi. Wewe ulifunga kitambaa, ukasimamia shimo likachimbwa, kisha ukaenda zizi hadi zizi kuwachanja ng'ombe waliosalia. Mvua ikakata barabara. Ulipofika nyumbani kidonda kilikuwa cheusi kama kaa, mkono umevimba hadi begani.

Nilileta maji ya moto nikuoshe. Ukauficha mkono nyuma.

"Usiuguse, Mama Zaina. Nakijua hiki."

Hospitali walikudunga sindano, lakini sumu ilikwisha tembea mwilini. Nilikaa mwisho wa kitanda nikakushika mguu. Mguu tu, Baba Zaina. Mpaka ukapoa.

Jana Hoza alikuja na mkewe. Alisimama barazani, kofia mkononi. Mkewe ndiye aliyesema, "Dada, kwetu hakuna aliyeumwa tena. Si ng'ombe, si mtu." Akanipakatisha mtoto wao mchanga. Nilitaka kumrudisha, Mungu anisamehe. Yule mtoto akanishika kidole, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya maziko. Hoza akageukia ukutani.

Majirani wanasema ulirogwa, eti mali ya mtu haifukiwi hivi hivi. Nimewaacha waseme. Ila Zaina hatalelewa kwa maneno hayo. Nakuahidi: akipata akili nitamwambia jina la ugonjwa uliokuua, na kwamba ulilijua, na kwamba kutuepusha nao ndiko kulikokufanya usimpakate mara ya mwisho. Akitaka kuisomea kazi yako, sitamzuia, ingawa nitaogopa.

Mungu akufanyie wepesi huko uliko. Nimekukasirikia eda nzima. Leo nimechoka, nimebaki na hamu yako tu.

Mkeo,
Mwanaidi