Binti wa Mwalimu na Shule ya Kiingereza

Jumatatu, 16 Juni

Nimesahihisha mitihani mpaka macho yanauma. Baridi imetupiga leo hapa Luano. Nimefundisha na koti.

Mke wangu amerudi kutoka Mokambo, mpakani na Zambia, na lori la unga na mafuta. Hata sahani hazijatolewa mezani, akasema: binti yetu Clarisse amalize mwaka huu wa nane shuleni kwangu, halafu Septemba aende shule ya kimataifa, ile ya Kiingereza, upande wa mtaa wa Golf.

Nimekula polepole.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Programu ya taifa, maisha yangu yote. Natayarisha watoto wa watu kwa Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari. Sasa wangu nimpeleke kwingine? Wazazi wataniangalia vipi? Nimekasirika.

Jumamosi, 21 Juni

Tumegombana, mimi na mke wangu, asubuhi nzima.

Hoja zake ni nzuri, ndiyo maana zinaniudhi. Mpakani kila karatasi ni Kiingereza. Bila mtu wa kumsemea hapiti. Amechoka, anasema, kusimama kama bubu mbele ya watu anaowazidi akili ya biashara. Alitoka Butembo akiwa msichana, akaanza na magunia mawili ya maharage, leo ana lori lake. Kilichomshinda ni lugha tu. Hataki kimshinde na binti yake.

Nami nikamkumbusha kwetu. Babu alitoka kaskazini akitia makaa kwenye treni. Baba alisoma kwa mapadri. Mimi nina diploma ya serikali. Kila mtu wa kwetu aliyesimama, alisimama kwa programu hii. Na mtoto akitaka chuo kikuu hapa nchini na karatasi ya kigeni, nani atamsaidia kuzunguka maofisini?

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Papa Clarisse, unamutafutia mutoto njia, ao unajitafutia heshima?"

Nimetoka nje kumwagilia mboga. Zilikuwa zimeshamwagiliwa.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya misa nikatambua kwamba hakuna aliyemwuliza mtoto.

Nimemwuliza njiani. Ana miaka kumi na minne, amepita mabega yangu. Akasema: "Papa, mi nataka kurusha ndege. Kule juu banasemaka Kiingereza."

Ndege zinapita juu ya paa letu tangu azaliwe. Alikuwa akisema atazirusha; nilidhani ni mchezo wa utotoni, umekwisha. Kumbe aliacha tu kuusema.

Jumatano, 25 Juni

Mama yake amempeleka kufanya jaribio. Mkurugenzi wa shule ile ni mama wa Zambia, mpole, amesema mtoto ana akili lakini Kiingereza chake ni kidogo. Watampokea, ila arudishwe madarasa mawili nyuma.

Clarisse akakataa. Kwa adabu, lakini akakataa. Akaomba wampime hesabu ubaoni, mbele ya walimu wao, kisha waamue. Wamempa Ijumaa ya wiki ijayo.

Niliposikia habari ya kurudishwa nyuma, nilifurahi. Nikaona nimeshinda. Halafu mtoto akaingia, hajavua viatu, akaketi mbele yangu: "Papa, unitayarishe."

Furaha ikanitoka. Mwalimu gani anafurahi mwanafunzi wake akirudishwa nyuma?

Jumapili, 29 Juni

Kazi kila siku. Hesabu naijua, Kiingereza sikijui. Mke wangu anajua kile cha mpakani tu: kuzidisha, kugawanya, kilichobaki, bei ya jumla. Basi ndicho tunachotumia. Mimi naandika, yeye anatamka, Clarisse anarudia. Mimi pia narudia. Wananicheka. Ulimi wangu ni mzito.

Leo mke wangu ameniuliza kwa nini herufi zinaingia katika hesabu. Nimemweleza kwa magunia. Ameelewa mara moja. Sijawahi kumfundisha kitu tangu tuoane. Nimependa.

Ijumaa, 4 Julai

Niandike kabla sijatulia.

Katika darasa lao tulikaa nyuma, mimi na mama yake. Mbele, mkurugenzi na walimu wawili. Wakampa Clarisse swali la magari mawili yanayotoka miji tofauti. Akaanza kwa Kiingereza. Katikati neno likamkimbia, akaingia Kifaransa, akajishtukia, akasimama. Mke wangu akanishika mkono kwa nguvu.

Akafuta mstari mmoja. Akaanza upya, kwa maneno machache, na Kiingereza kile cha mpakani. Akafika kwenye jibu.

Mwalimu mmoja akamwuliza kama kuna njia nyingine. Akaonyesha ya pili. Bila kuulizwa, akaonyesha ya tatu, ile ya kuchora, ninayowafundisha wanafunzi Februari wakati mvua inagonga mabati na hakuna anayenisikia. Nilidhani hakuna anayeishika.

Yule mwalimu akasema kitu, mkurugenzi akatutafsiria kwa Kifaransa: nani amemfundisha?

Clarisse akageuka. Kiingereza akakiacha, Kifaransa akakiacha. Akanyoosha mkono huku nyuma:

"Ni papa. Ule pale."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na koti langu la shule, kiwiko kimeshonwa. Sikujua niweke wapi macho.

Wameamua ataingia darasa la rika lake. Jioni watamwongezea masomo ya Kiingereza.

Najivuna. Sitatafuta neno dogo zaidi.

Jumamosi, 5 Julai

Kichekesho. Asubuhi mke wangu anasema basi abaki kwangu. Kama programu ya taifa imemfikisha pale, tunamtoa kwa nini? Jana ameona kwa macho yake, anasema.

Nami nikasema hapana, aende. Jana na mimi nimeona: aliposimama kimya pale mbele, kilichokosekana ni Kiingereza. Hesabu ilikuwepo.

Tukagombana tena, kila mmoja na maneno ya mwenzake ya wiki zile. Clarisse akapita na ndoo, akasikia, akaiweka chini ili acheke vizuri. Akatuambia:

"Ni mi njo nitasoma. Nitaenda kule."

Basi. Imekwisha. Mama yake akafuta macho, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda mwenyewe kumwambia prefe, mkuu wa shule yetu, kabla hajasikia kwa watu. Akasema wazazi watasema sana: mwalimu wa hesabu amekimbiza mtoto wake.

Nikamjibu waje waniulize. Nitawaeleza ametoka kwetu akiwa anajua nini.

Akatabasamu. Akaniuliza ile njia ya tatu ilikuwa ipi. Nikamchorea.

Jumatatu, 1 Septemba

Siku ya kwanza. Clarisse ameondoka na mama yake kwa lori, sketi mpya, nywele zimesukwa jana. Hakunipungia mkono. Alikuwa anarudia maneno kimoyomoyo, midomo inacheza.

Nimeingia darasani. Watoto wa mwaka jana wako mwaka mmoja mbele, wamerefuka. Nikaita majina. Mahali pa jina lake nimesita kidogo, halafu nikaendelea. Wamejua. Hakuna aliyecheka.

Amerudi jioni, amechoka, amesema kichwa chote kinalia. Hakuelewa nusu ya somo la historia. Hesabu ameelewa yote. Amekula sahani mbili. Kisha akauliza ni nani amekaa kwenye banki yake, lile benchi la darasani. Nimemwambia ni Bénédicte, binti wa muuza samaki wa Kasenga.

Amesema huyo ana akili, ila ni mwoga wa kuuliza. Nisimwache.

Nimesema sawa. Kesho nitaanza naye.